Mwaka Nilipoikataa Kahawa ya Kwetu

Nyinyi mnaoanza sasa mna mashine ya kupima unyevu, mna mizani inayosoma mpaka robo ya gramu, na mna vyeti ukutani. Mimi nilianza na kijiko na pua. Mmeniomba niwasimulie jinsi kazi ya kuonja kahawa ilivyokuwa, na nimekubali, ila msinidai mpangilio. Mambo yananijia yanavyotaka yenyewe.

Kwanza kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu hawakuielewa. Unaletewa sampuli kutoka kwenye magunia ya chama fulani cha ushirika. Haina jina, ina namba tu. Unaikaanga kidogo, isiungue, kwa sababu moto mkali huficha makosa. Unaisaga na kuiweka kwenye vikombe vitano, unamimina maji yaliyochemka na kutulia, unasubiri dakika nne. Juu panafunga utando. Unauvunja kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kuzama kikombeni, na hapo ndipo kahawa inapokwambia jambo lake la kwanza. Kisha unafyonza kwa kelele ili ienee mdomo mzima, halafu unatema ndooni. Vikombe ni vitano kwa sababu punje moja mbovu huchafua kikombe kimoja na kuacha vinne vizuri. Anayeonja kikombe kimoja tu anaweza kusifia gunia bovu au kulaumu gunia zima kwa kosa la punje moja.

Mama mkwe wangu alipoambiwa kwamba mkamwana wake analipwa kwa kutema, aliuliza kama nimeajiriwa wodi ya kifua kikuu. Na mume wangu alinikataza kula mtori, supu yetu ya ndizi, mbele ya wageni, kwa sababu kila kijiko nilikifyonza kama niko kazini. Mazoea hayo sijayaacha mpaka leo. Mkinialika, nipeni chakula kikavu.

Niliingia chumba cha kuonjea pale Moshi mjini katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mwosha vikombe. Msimu wa pili wakanipa kijiko. Siku ya kwanza niliona aibu kutema mbele ya wanaume, nikawa nameza. Nilimeza sampuli kumi na mbili, vikombe vitano vitano. Kufika saa sita mikono ilikuwa inatetemeka hata kalamu haikai, na moyo ulikuwa unapiga kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio. Aliyekuwa akinifundisha, Mzee Elifuraha, aliniangalia akasema, "Binti, adabu yako itakuua. Tema."

Mzee Elifuraha alikuwa mtu wa Masama, Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wao. Siku za kazi hakugusa kitunguu, pilipili wala mbege, pombe yetu ya ndizi. Alioga kwa sabuni isiyo na harufu na alitudai sisi pia tufanye hivyo. Alikuwa na namna ya kufundisha bila kueleza. Akiona umekosea alikurudisha kikombeni, basi. Kuna asubuhi moja nilirudishwa mara saba kabla sijagundua kwamba kikombe kilikuwa na udongo, yaani kahawa ilikaushwa chini badala ya juu ya kichanja. Baada ya hapo sikuwahi kuukosa udongo tena.

Somo lake kubwa alinipa mwaka wa tatu. Tulikuwa tumeonja sampuli tisa, na karatasi yangu ameishika mkononi.

"Faustina, hii namba saba umeipa alama kuliko zote. Kwa nini?"

"Ni nzuri, mzee."

"Nzuri namna gani?"

Nikamwambia ina utamu, na ina harufu iliyonikumbusha nyumbani wakati wa mavuno, ndoo zikiwa zimejaa kahawa iliyomenywa, inasubiri kuoshwa.

Alifungua daftari la namba. Namba saba ilitoka kijijini kwetu, upande wa Kirua Vunjo. Mimi sikujua, ila ulimi wangu ulikuwa umejua.

"Ulionja kahawa au ulionja nyumbani?" akauliza. Kisha akaninyooshea kijiko. "Kikombe cha tatu. Rudia."

Nikarudia. Kilikuwa na uchachu wa waziwazi, wa mtu aliyechelewa kuosha. Mwanzo nilikuwa nimeupita kama mtu anavyompita jirani asiyetaka kumsalimia.

"Unapenda kwenu," alisema. "Na mimi napenda kwetu. Ndiyo maana kahawa ya Masama naionja mara mbili. Mara ya pili naionja kama mtu anayetutakia mabaya."

Nililiweka neno hilo, nikidhani ni la kazi tu.

Mzee Elifuraha alistaafu wakati soko linafunguliwa. Nyinyi mlizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo mnadhani wanunuzi wengi ni jambo la siku zote. Zamani kahawa ilikuwa na njia moja: kutoka nyumbani kwenda chama cha msingi, kiwandani, mnadani. Ghafla magari ya watu binafsi yakaanza kupanda milima, yananunua barabarani, mbichi au kavu, iliyooshwa au isiyooshwa. Wakulima walifurahi kulipwa papo hapo, nami siwalaumu. Lakini kazi yetu ilibadilika. Sampuli zikaanza kuja zimechanganyika, huwezi kujua ni za nani wala za wapi. Chumba chetu kilipunguza watu. Mimi nikachukuliwa na kampuni moja ya wanunuzi, ndogo, yenye waonjaji wawili na paka.

Halafu bei ya kahawa duniani ikaanguka. Zamani kung'oa mbuni kulikuwa kosa, bwana shamba angekufuata. Sasa watu waling'oa mchana kweupe wakapanda nyanya na mahindi, na hakuna aliyekuja kuwauliza. Mama yangu naye alikuwa ameamua. Kihamba chetu, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na makaburi ya wazee wetu, kilikuwa na mibuni iliyopandwa na babu. Ada yangu ya shule na ya kaka yangu ilitoka kwenye miti ile. Mama alisema mavuno yakiisha ataanza kung'oa kuanzia chini, kwenye mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na wazee.

Kaka yangu, Anselmi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa chama chetu kijijini. Akamwomba mama asubiri. Alikuwa na mpango. Mnunuzi mmoja wa nje, kupitia kampuni yangu, alikuwa anatafuta kahawa ya kijiji kimoja, isiyochanganywa na ya mahali pengine. Ikimridhisha, angerudi kila mwaka. Anselmi alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasiuze barabarani, wachume nyekundu tu, waoshe vizuri, waanike juu ya vichanja. Watu walimsikiliza, maana alikuwa amewafundisha watoto wao wote kusoma. Magunia yakajaa ghala la chama. Sampuli ikaja Moshi.

Nilimweleza bosi wangu kwamba hiyo ni kahawa ya kwetu na katibu wake ni kaka yangu, heri aonje mwenzangu. Mwenzangu alikuwa amelazwa na malaria. "Mwonjaji niliyenaye leo ni wewe," alisema bosi, "na mnunuzi anataka taarifa kesho."

Nikapanga vikombe. Nilipovunja utando wa kwanza nilipata harufu ya mafuta ya taa. Nyuma yake kulikuwa na kitu cha manukato, kama sabuni ya kufulia. Cha pili vilevile, mpaka cha tano. Kosa la punje moja lisingeingia vikombe vyote vitano. Hili lilikuwa limelowa kila mahali. Niliosha vikombe upya, nikabadilisha maji, nikakaanga sampuli nyingine kutoka mfuko ule ule. Nikaionja mara ya pili kwa jicho la mtu anayetutakia mabaya, halafu, nakiri, mara ya tatu kwa jicho la mtu anayetupenda sana. Mafuta ya taa yalikuwepo mara zote tatu.

Anselmi alikuwa amekuja na gari la asubuhi, amekaa kwenye benchi nje ya mlango, amevaa koti lake la kanisani.

"Imeonekanaje?" akauliza.

"Ina mafuta ya taa, kaka."

"Mafuta ya taa yametoka wapi? Tumeanika juu ya vichanja, mimi mwenyewe nimekagua."

"Sijui yametoka wapi. Yamo."

Alivuta koti lake likae sawa. Kisha akasema taratibu, kama anamweleza mwanafunzi hesabu, "Faustina, andika nzuri. Akishaijua njia ya kwetu, mwakani tutarekebisha."

"Ataionja ikifika kwao."

"Basi aseme yeye. Kwa nini useme wewe? Wewe umezaliwa pale."

Nilimwambia nikiandika uongo mwaka huu, mwakani nikiandika nzuri hakuna atakayeniamini, hata kama ni nzuri kweli.

"Mwakani watu watakuwa wameshang'oa," alisema. "Mama atakuwa ameshang'oa."

Nilimkaribisha chai akakataa. Nikarudi ndani nikaandika nilichoonja, nikatia sahihi. Mnunuzi akaikataa.

Desemba ilipofika nilipanda nyumbani kama kila Mchaga anavyopanda. Kanisani watu walinisalimia kwa kunipa ncha za vidole. Mjomba mmoja alihama benchi. Anselmi alipita mbele yangu pamoja na mkewe, akiangalia madhabahu, ingawa misa ilikuwa imeshakwisha.

Mama nilimkuta jikoni anachoma ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akapuliza moto. Baadaye akasema, "Wanasema umewauza."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ndizi zinaungua. Kaa ugeuze."

Nikakaa nikageuza. Ndipo nikamweleza kwamba nimekuja na kinu cha kusagia kahawa, kile cha mkono, na mizani, na vijiko. Kahawa ya mwisho wa msimu ilikuwa bado majumbani. Nilitaka kujua mafuta ya taa yanaingilia wapi. Mama alisikiliza, akaondoa sufuria zake kwenye jiko la mkaa, akanitolea uani. Kwenye kuni usijaribu. Utaonja moshi mtupu na kudhani ni kahawa.

Nilipita nyumba kumi na tisa kuomba kila moja kopo la kahawa ya maganda. Nyumba ya kwanza walinifungulia mbwa. Ya pili ilikuwa ya Mzee Liberati, jirani yetu wa juu, mgane mwenye mibuni mizuri kuliko wote.

"Unataka kuikataa mara ya pili?" akaniuliza.

"Nataka kujua kama ni yako, mzee."

"Na ikiwa yangu?"

"Nitakwambia wewe kwanza."

Aliingia ndani, akanijazia makopo mawili. Walipomwona yeye ametoa, wengine wakatoa. Hata mwenye mbwa.

Nilitwanga maganda kwenye kinu cha mama, nikapepeta, nikakaanga kopo moja moja kwenye kikaango, nikaonja kutwa nzima uani, kuku wakinizunguka. Moja ilikuwa na uchachu. Moja ilikuwa na punje nyingi zilizochumwa mbichi, na mwenyewe alijua kwa nini. Kumi na saba zilikuwa safi. Safi ya namna ambayo Moshi mjini nilikuwa nimeanza kuisahau, kwa sababu ya kuonja michanganyiko: tamu, nyepesi, inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kutema. Mafuta ya taa hayakuwepo hata kwenye kikombe kimoja. Kwa hiyo kosa halikuwa la mashamba wala la maji.

Nilikwenda kwa Anselmi nikamwomba ufunguo wa ghala. Aliuchukua msumarini tukatembea wote, yeye mbele.

Ghala la chama lilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Cha kushoto kilikuwa cha kahawa. Cha kulia Anselmi alifungua bila mimi kumwambia, na nafikiri wakati ule alikuwa ameshajua. Kilikuwa kimejaa katoni za sabuni na madumu ya mafuta ya taa ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivusha mizigo yake mpakani Holili. Kahawa kavu, mkumbuke hili, ni kama sifongo. Hainywi maji tu, inakunywa harufu ya kila kitu kilicho jirani.

"Alituletea bati za kuezeka," alisema Anselmi. "Paa lilikuwa linavuja juu ya magunia. Chama hakikuwa na kitu. Akasema tumpe chumba kimoja, yeye ataezeka vyote."

"Ulifanya ili kahawa isilowe."

"Ndiyo." Alisimama pale mlangoni akiangalia bati mpya. "Nimewaambia watu wote umekosea. Nimemwambia mama."

Sikutaka kumwongezea aibu. Alikuwa mkubwa wangu, na ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu.

"Mkutano wa chama ni kesho kutwa," nikasema.

"Nitasema mwenyewe."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia, siku chache baada ya Krismasi, watu wakiwa wamejaa kwa kuwa hata waliotoka Dar walikuwa bado hawajashuka. Niliazima vikombe vya parokia vyote. Nilipika birika mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa ya zile nyumba kumi na saba, zimechanganywa. Ya pili ilikuwa ya ghalani.

Sasa niwaambie kitu ambacho kilinishangaza mimi mwenyewe niliyezaliwa pale. Katika ukumbi ule wa watu waliolima kahawa maisha yao yote, wengi hawakuwahi kuinywa. Tulikunywa chai, na wazee mbege. Kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kuosha na kupeleka.

Mzee Liberati alipewa kikombe cha kwanza. Alinusa, akanywa kidogo, akakishusha.

"Hii ni ya wapi?"

"Ni ya kwako, mzee. Na ya jirani zako."

Akanywa tena. "Ni chungu," alisema, "lakini chungu cha heshima." Watu wakacheka, ukumbi ukalegea, vikombe vikaanza kupita. Mama yangu alishika chake kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza kuchuma kahawa kabla hajaota meno ya ukubwani, na siku ile ndiyo alikuwa anaionja mara ya kwanza. Alikunywa mpaka mwisho, akaangalia ndani ya kikombe.

"Kumbe hiki ndicho walichokuwa wanakifuata huku juu," alisema kwa sauti ya kawaida, na ukumbi mzima ulisikia.

Kisha nikawapa birika ya pili. Hapo sikuhitaji kueleza lolote. Mwenye mbwa alitema dirishani.

Anselmi akasimama. Alieleza habari ya paa, ya bati na ya mfanyabiashara, bila kujitetea. Akasema dada yake aliandika kweli na yeye alimsingizia. Wapo waliotaka aondolewe papo hapo, na walikuwa na haki. Mzee Liberati ndiye aliyewazuia. "Mwacheni abaki," alisema. "Katibu mpya itabidi naye ajifunze harufu ya ghala. Huyu ameshajifunza."

Msidhani mambo yalinyooka. Magunia ya mwaka ule yaliuzwa kama kahawa ya hovyo, na kwa kweli ilikuwa ya hovyo. Nyumba kadhaa ziling'oa mibuni yote, na siwezi kuwahukumu, watoto walitakiwa shule Januari. Mama aling'oa ya chini, ile ya kwenye mfongo, akapanda nyanya. Ya juu aliiacha. Mfanyabiashara aliondoa mizigo yake kwa hasira. Ghala lilifunguliwa madirisha miezi mitatu, tukapaka chokaa, tukabadilisha mbao za sakafu zilizonywa mafuta.

Siku hizi nawasikia kwenye mikutano mkiulizana uzalendo ni nini. Sina maelezo. Najua tu kwamba sijawahi kuipenda nchi hii, wala kuona deni langu kwake, kama siku ile nilipokuwa uani kwa mama natema kahawa ya kwetu kopo moja moja, nikitafuta kosa kwa nia ya kulipata.

Msimu uliofuata mnunuzi alikubali kujaribu tena, sehemu ndogo. Mara hii mwenzangu alikuwa mzima, akaonja yeye, mimi nikakaa nje kwenye benchi. Alitoka akasema, "Imepita. Kuna kikombe kimoja kina uchachu kwa mbali." Nikamwambia auandike huo uchachu. Akauandika. Mnunuzi akachukua hivyo hivyo.

Akaleta ombi moja: magunia yaandikwe jina la kijiji. Miaka yote kahawa yetu ilisafiri na namba, chini yake jina la nchi. Anselmi aliandika mwenyewe kwa brashi, herufi zile za ubaoni, magunia yakiwa matupu, nami nikamlazimisha ayaanike juani wiki nzima kabla ya kutia kahawa, rangi isije ikafanya yale yale ya sabuni.

Siku ya kupakia karibu kijiji kizima kilisimama nje ya ghala. Lori lilipogeuka, tukaliona lile jina letu limepangwa safu kwa safu mpaka juu. Watu walikuwa wanasoma kwa sauti, hata wale wasiojua kusoma, kwa kuwa walijua kilichoandikwa. Mama alisimama kando yangu, kanga begani, akilitazama lori mpaka lilipofika kona.

"Sasa vizuri," akasema. "Ikiharibika, watajua pa kuja kutuuliza."